Mshumaa wa Ubatizo wa Maxwell

Kila siku Mwende alipotoka shuleni huko Utange, kazi yake ilikuwa moja: kuvua sare, kunywa chai na kumpokea mdogo wake Maxwell, ili mama apate kwenda kukaanga viazi vyake kando ya barabara. Maxwell alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na mchezo alioupenda ulikuwa misa. Mwende aligeuza sufuria ikawa altare, akajitanda leso, akawa padri. Maxwell peke yake ndiye waumini wote, na waumini wenyewe walikuwa watundu kupindukia.

Siku moja Mwende aliona misa bila mshumaa haijakamilika. Akafungua sanduku la mama, akatoa mshumaa wa ubatizo wa Maxwell, akauwasha. Mtoto alipouona moto alicheka, akapiga makofi. Mchezo ulinoga mpaka mshumaa ukaisha. Mwende akatupa kipande kilichobaki na hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye Maxwell alishikwa na nimonia. Alilazwa Jumatatu, na Jumatano hakuwapo tena.

Siku moja kabla ya mazishi, mama alipiga magoti mbele ya sanduku, akatoa nguo zote.

"Mwende, mshumaa wa mdogo wako uko wapi? Nataka uwake karibu na jeneza lake."

"Sijauona, mama. Labda ni panya."

Mama aliendelea kukung'uta nguo moja moja, zile ndogo ndogo, machozi yakimdondoka. Mwende hakustahimili kutazama. Alitoka mbio mpaka kanisani.

Katekista Charo alikuwa akiupangusa mshumaa wa Pasaka, ule mrefu usimamao penye kisima cha ubatizo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Mwende akaangua kilio. "Mwalimu, ni mimi niliyemuua Maxwell. Niliumaliza mshumaa wake nikicheza."

Charo akaweka kitambaa chini, akamkalisha kwenye benchi.

"Nisikilize. Mdogo wako amechukuliwa na nimonia. Mshumaa haubebi uhai wa mtu. Siku ya ubatizo wake tuliuwasha kutoka kwa huu wa Pasaka, kuonyesha kwamba amepokea nuru ya Kristo mfufuka. Nta imeisha, lakini nuru hiyo haikuisha. Kesho huu huu utawaka kando ya jeneza, na mama atawasha mwingine kutoka kwake. Je, mama anajua?"

"Hajui. Nilimwambia ni panya."

"Basi hilo ndilo la kurekebisha. Nenda."

Mama alikuwa bado sakafuni. Mwende alieleza yote, hata habari ya panya. Mama aliokota kinguo kimoja, akakikunja polepole.

"Ulipouwasha, alicheka?"

"Alicheka sana, mama. Alipiga makofi."

Mama akamvuta kifuani, wakalia pamoja hadi wakachoka.

"Ungeniambia siku ile ningekukemea, yakaisha," mama akasema. "Ulinyamaza, kisha ukadanganya, ukabeba mzigo huu peke yako. Kosa likisemwa mapema tunalibeba wawili. Usinifiche tena jambo, hata liwe baya namna gani."

"Sitakuficha, mama."

"Haya. Sasa nionyeshe alikuwa amekaa wapi alipocheka."

Mwende akamshika mkono, akamwonyesha mahali penyewe, pale karibu na mlango.