Simu Isiyo na Laini

Rafiki yangu alipeleka simu ya marehemu mama yake kwa fundi, aifungue ikubali laini ya kampuni yoyote. Alitaka kumpigia mumewe, ambaye yuko mbali na hajawahi kusikia sauti ya mwanawe. Alikuwa hoi, mtoto analia mgongoni tangu asubuhi. Fundi akamwachia kiti chake.

"Nikiifungua, vyote vya zamani vinafutika, dada."

"Futa tu, kaka. Nimechoka."

Kazi ilipokwisha, umeme ukakatika, duka likawa giza totoro. Simu ikaita, lakini kioo hakikuwaka.

"Si upokee?"

"Nipokee nini, dada? Laini ninayo mkononi, sijaiweka."

Rafiki yangu akaipapasa, akaiweka sikioni. Akasikia mama yake akikohoa. Mgongoni mtoto akanyamaza, kisha akaanza kucheka, kama anayetekenywa unyayo.