Gari Lililotoka Bwawani

Kimanzi wa Buruburu ni rafiki yangu, na si mtu wa kupiga chuku. Alinunua gari kuukuu la tairi sita, la kwenda nchi kavu na majini, lililokuwa limetelekezwa kando ya bwawa huko Ukambani. Aliyemuuzia hakutaka hata kulisogelea. Kimanzi akalifufua polepole kwenye gereji ya nyumbani, hadi injini ikakubali.

Ikabaki kupima kama bodi inavuja. Jioni moja maji ya mfereji yaliporudi, akavuta mpira, akalijaza gari kama beseni, akafunga mfereji, akachora chaki pale maji yalipofika. Yakishuka, kuna tundu. Mara stima zikapotea mtaa mzima.

Gizani akasikia maji yakichezacheza, kama mtu anajitumbukiza taratibu kuoga. Akawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa yamepanda juu ya chaki.

"Ndinda!" akamwita mkewe. "Umetia kitu ndani ya gari?"

"Aii, Baba Mwende, si niko jikoni? Nitie nini huko?"

Akachomoa kizibo. Maji yakamwagika mpaka tone la mwisho. Tairi za mbele, zilizokuwa zimelemewa, zikajaa tena. Za katikati pia. Za nyuma zikabaki zimebonyea.

Kimanzi akasogea mbele, penye usukani, akamulika viti vyote. Vilikuwa vitupu.

Kisha, bila kishindo, tairi za nyuma zikainuka, na za katikati zikabonyea.