Anapiga Pasi Tu

"Jina langu halipo."

Binti aliyeitwa Kimya alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia ugenini. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo, nje ya chumba cha dobi cha hoteli, mikono bado inanukia sabuni. Jana karatasi ya usaili ilikuwa na majina matano. Leo yamebaki manne, na la tano limepigwa mstari.

"Angalia vizuri," alisema Mama Mikunjo, yule mama mkongwe wa kukunja mashuka. "Macho yakiwa na wasiwasi hayasomi."

"Nimeangalia. Limekatwa kwa rula."

"Kwa rula?" Mama Mikunjo akasogea, akafuata ule mstari kwa kidole. "Basi aliyelikata hakuwa na haraka."

Usaili wenyewe ulikuwa wa nafasi ya msimamizi wa dobi. Kimya alikuwa ametimiza miaka sita akifua na kupiga pasi mle ndani, na hakuna aliyeijua ile kazi kumshinda. Kikwazo kilikuwa kimoja. Shule aliiachia darasa la tano, baba yake alipofariki, na msimamizi lazima asome vikaratasi ambavyo wageni hubandika kwenye nguo zao kwa Kiingereza.

Mwanzoni kila kikaratasi alikipeleka mapokezi, kwa kijana mmoja mrefu aliyeitwa Tai, kwa sababu hata siku ya mapumziko alionekana kafunga tai. Mapenzi yao yalianzia kwenye vikaratasi hivyo. Siku moja mgeni aliandika 'take in' kwenye suruali. Tai hakuinua hata macho.

"Take ni chukua, in ni ndani. Ichukue uipeleke ndani."

Kimya akaichukua suruali vilevile ilivyo, akaipeleka ndani ya chumba cha mgeni, akaitundika. Baadaye mgeni akashuka ngazi ameishikilia kiunoni kwa mikono miwili. Kumbe alitaka ipunguzwe kiuno! Tai alicheka mpaka akashika meza. Kimya naye akacheka, maana ukimpenda mtu, hata kuchekwa naye unaona ni zawadi.

Lakini tangu siku hiyo akaanzisha daftari, na hakumwambia mtu. Kila kikaratasi alikibandika humo, na pembeni akachora nguo na kilichofanyiwa. Akagundua mambo. 'Take' ikifuatana na 'in' hupunguza kiuno, ikiwa na 'up' hupandisha pindo, ikiwa na 'out' hutoa doa. 'Just' mbele ya 'press' ni kwamba piga pasi tu, usifue. Ila 'just' hiyohiyo kwenye gauni la hariri ilikuwa inasema ndiyo kwanza limenunuliwa. Maneno madogo ya Kiingereza yalimkumbusha shangazi zake: mmoja mmoja ni wapole, wakikutana wawili wanakuwa watu wengine kabisa.

Sasa akatoa simu, akamwandikia Tai, ambaye siku hizi ni mchumba wake: "Jina langu limekatwa kwenye usaili. Unajua chochote?"

Jibu halikuchelewa. "Niko bizi mpenzi. Just relax. Tutaongea baadaye."

"Kasemaje?" Mama Mikunjo aliuliza.

"Anasema nitulie."

"Utulie? Wenzako wanaingia kwa meneja saa hii! Nenda kabishe hodi."

Kimya akaenda. Alifika mlangoni kwa meneja, akainua mkono abishe, akasikia ndani watu wanazungumza, akaushusha. Akauinua tena. Akaushusha. Mama Mikunjo alimfuata na shuka begani.

"Bisha, binti!"

"Nitawakatisha. Watakasirika."

"Wakasirike! Kwani hasira zao utazifua wewe?"

"Ngoja wa mwisho atoke."

Wa mwisho akatoka baada ya saa nzima na ushee. Ndipo Kimya akabisha.

Meneja alikuwa mama wa miwani, mtu wa maneno machache. Alimtazama kwa mshangao.

"Karibu. Kuna tatizo huko dobi?"

"Hapana, bosi. Samahani. Jina langu limeondolewa."

"Si umejitoa mwenyewe?"

"Mimi?"

"Mchumba wako kaniletea ujumbe jana. Kwa niaba yako, alisema. Harusi si wiki mbili zijazo? Nikajua umeamua kupumzika." Akapekua makaratasi, akatoa kipande cha karatasi ya mapokezi chenye nembo ya hoteli. "Huu hapa. Ngoja nikufasirie."

"Naomba nisome mwenyewe, bosi."

Mwandiko wa Tai aliujua kama mstari wa kiganja chake. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza na kwenda nalo polepole. *She does not want the interview. She is fine where she is. She just irons.*

Laiti yangekuwa maneno makubwa, yangempita. Lakini yalikuwa madogo, na yote alikuwa anayajua; hata 'interview' ilikuwa imeandikwa juu ya ile karatasi ya ubaoni. 'Fine' wageni waliiandika kwenye kitambaa chembamba kinachotaka mkono mwepesi, na Tai alimjibu nayo kila alipomuuliza kama amekasirika. Na hiyo 'just' alikuwa nayo kurasa tatu nzima.

"Anasema sitaki usaili," Kimya alisema, macho hayajatoka kwenye karatasi. "Anasema hapo nilipo pananitosha. Anasema napiga pasi tu."

Meneja akavua miwani.

"Nani kakufundisha?"

"Nguo, bosi."

"Nguo?"

"Vikaratasi vyake. Vya miaka sita."

Meneja akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu.

"Binti, wale wanne hakuna aliyenisomea hivyo bila kubabaika. Lakini huyu aliyetoka sasa hivi nimempa barua. Ameshasaini. Dakika kumi hazijapita."

"Nilikuwa hapo mlangoni, bosi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipoingia wa pili."

"Sasa mbona hukubisha?"

Kimya akasema ahsante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka.

Mapokezi palikuwa na mgeni mmoja tu, anaondoka na begi lake. Tai alimwona mchumba wake anakuja na aproni ya dobi, akaangaza huku na huku, kisha akamvuta kwenye chumba cha kuwekea mizigo.

"Mpenzi, huku mbele hamruhusiwi na aproni. Nilisema tutaongea baadaye."

"Tuongee sasa."

"Kuhusu lile jina? Watakuwa wamekosea. Ofisi hizi unazijua."

"Limekosewa kwa rula?"

"Nani kakwambia nini?"

"Nimesoma kikaratasi chako."

"Umesoma? Nani kakusomea?"

"Ulidhani nitakuletea wewe unisomee?"

Tai akaigusa tai yake, akailegeza, akaikaza tena. Halafu akashusha sauti, ile aliyoitumia kwa wageni waliopotelewa na mizigo.

"Sorry, mpenzi."

"Ipi?"

"Ipi nini?"

"Sorry zako nimezizoea. Kuna ya mgeni uliyemgonga kwa begi. Kuna ya kujifanya hukusikia, ili mtu arudie. Kuna ya mtu aliyefiwa. Na kuna ile unayompa mgeni usiyempenda sura, unamwambia vyumba vimejaa, na vyumba vipo. Hii ni ipi?"

"Wewe! Umeanza lini kuwa na maneno mengi hivi?"

"Nijibu."

"Nilikuwa nakulinda. Kila Jumatatu msimamizi anaingia kikao cha wakuu wote. Kiingereza mwanzo mwisho! Ungefungua mdomo ungesema nini? Wangekucheka."

"Nimeshachekwa. Wewe ulinicheka mpaka ukashika meza, na nilikupenda vilevile."

"Mimi ni mimi. Wale wangenigeukia wote, waniambie, huyo ndiye mkeo? Unafikiri ningeficha wapi uso?"

"Kumbe ni aibu yako."

"Yetu, mama. Mke na mume aibu yao moja."

"Mimi sikuwa nayo. Umenivisha leo."

Tai akamshika mkono. Mkono wa Kimya ulikuwa na alama za pasi, kongwe na mpya, na Tai akazipapasa kwa kidole gumba kama alivyozoea.

"Sikiliza. Nafasi kama hizi hazikosi. Mwaka kesho itatokea nyingine, nitakufundisha mwenyewe, utaingia umeiva. Harusi ndiyo haisubiri. Kadi zimetoka, wajomba wamepewa taarifa, suti nimeshapima. Tusiharibu jambo kubwa kwa jambo dogo."

"Ungeniambia lini?"

"Nini?"

"Kwamba ni wewe uliyenitoa. Ungeniambia lini?"

Tai alitazama mabegi. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli, pengine kwa sababu alichoka.

"Nisingekwambia. Ungeona jina halipo, ungejua wamekukata wao. Ungelia kidogo, ningekubembeleza, yangekwisha."

Kimya akautoa mkono wake. Kikaratasi kilimuuma, lakini si kama hili. Mtu huyu alikuwa amempangia mpaka machozi, na leso ya kumfutia alishaiweka tayari.

"Kaa na wageni wako," alimwambia.

"Unamaanisha nini? Kimya! Mpenzi, usinifanyie hivi kazini. Watu wanatuona."

"Hamna watu. Ni mabegi tu."

Akarudi dobi, akasimama nyuma ya mashine ya kukaushia, mahali ambapo ungurumo wake huficha sauti. Akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Nimekesha nakuombea. Umepata?"

"Sikupata."

"Pole, mama. Riziki haina pupa. Mume unaye, na hilo si dogo."

"Harusi haipo, mama."

Upande wa pili kijiko kilianguka sakafuni.

"Nani kasema? Yeye?"

"Mimi."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Amekutukana?"

Kimya akatafuta namna ya kueleza. "Ameninyamazisha, mama. Kazi niliyoisubiri miaka sita, ameniondoa kwa karatasi, bila kuniuliza, kisha akaniambia nitulie."

"Hayo tu?"

"Hayo."

"Mwanangu, wanaume wanafanya makubwa kuliko hayo na ndoa zinakwenda! Umri nao hausimami kituoni. Ukoo mzima umeshaambiwa. Mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie nimekataa."

"Wataniuliza kwa nini!"

"Waambie waniulize mimi. Nitawajibu."

Mama yake alimjua binti yake. Ni yule ambaye mgeni akibisha hodi hukimbilia jikoni, na salamu hupelekwa kwa niaba yake.

"Wewe? Uwajibu watu?"

"Mimi, mama. Jumapili nakuja nyumbani. Waite wajomba."

"Mimi uso sina. Uje na wako." Sauti ya mama ikakatika, na simu ikakatika nayo.

Kimya akaketi juu ya kapu la mashuka machafu. Simu ikaanza kuingiza ujumbe, mmoja juu ya mwingine. "Mpenzi." "Usikasirike." "Jibu basi." "Ni kosa dogo tu." Akasoma huo wa mwisho mara mbili, akaizima simu. Halafu akalia, kwa sauti, mbele ya wenzake wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Mashine zikaendelea kuzunguka. Mama Mikunjo akaweka shuka lake chini, akaketi karibu naye kwenye lile kapu, wala hakumwambia anyamaze.