Mwendo wa Bi Harusi

Hemedi aliswali alfajiri, akakunja mswala, akatoka uani. Bajaji yake ilikuwa chini ya kibanda cha makuti. Ni bajaji ya umeme. Haina tangi la mafuta wala moshi. Ilikuwa imejaa chaji.

Ndani, mkewe Biubwa alikuwa anamenya mihogo. Binti yao Arafa alikuwa amejilaza mkekani. Arafa ana selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Siku nyingine hucheza kama watoto wote wa Baleni. Siku nyingine mifupa humuuma, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Baba Arafa, leo unakwenda wapi?" Biubwa aliuliza.

"Napeleka nazi Kilindoni."

"Rudi mapema, na usimalize chaji. Macho ya mtoto yamekuwa ya njano. Siyapendi."

"Inshallah nitarudi."

Hemedi alizaliwa Bwejuu. Alikuwa mvuvi wa juya, wavu mkubwa wa kukokota. Hifadhi ya bahari ilipokataza juya, aliuza chombo chake, akahamia Baleni kwa wakweze, akanunua bajaji. Bahari aliijua vizuri. Bajaji alikuwa anaijua kidogo tu.

Kwenye usukani kulikuwa na swichi yenye namba moja, mbili na tatu. Namba moja ni mwendo wa taratibu. Namba tatu ni mwendo wa kasi. Siku ya kwanza Hemedi aliendesha kwa namba moja. Alipopita kijiweni, Ussi wa bodaboda alimpigia kelele.

"Hemedi! Umebeba bi harusi?"

Vijana walicheka. Huku kwetu bi harusi hupelekwa kwa mwendo wa pole, ili watu wote wamwone. Hemedi aliona haya. Tangu siku ile swichi yake ilikaa kwenye namba tatu, kwenye lami na kwenye mchanga, akiwa na mzigo au bila mzigo.

Siku hiyo ya nazi, aliporudi kutoka Kilindoni, theluthi moja tu ya chaji ilikuwa imebaki. Alimkuta Biubwa amesimama mlangoni na Arafa mikononi.

"Ana homa! Tangu adhuhuri mkono mmoja hauinuki. Twende hospitali Kilindoni!"

Walipanda. Hemedi alizungusha mkono wa usukani hadi mwisho. Bajaji iliruka mbele. Mchanga ulirushwa nyuma yao. Kwenye kioo kidogo, vijiti vya chaji vilianza kupungua. Kimoja kilizimika. Kikazimika kingine.

"Chaji inakwisha," alisema Biubwa.

"Naiona! Ndiyo maana nakaza. Lazima tuwahi maji!"

Hivyo ndivyo watu wa Bwejuu wanavyosema. Maji yakianza kupwa, huna muda wa kungoja. Ukichelewa, chombo kinakaa juu ya fungu la mchanga. Hemedi aliamini chaji ni kama maji kupwa. Ikianza kuondoka, unakimbia ili ufike kabla haijaisha.

Katikati ya minazi, mbali na nyumba za watu, kijiti cha mwisho kilizimika. Bajaji ilisimama kimya.

"Washa," alisema Biubwa.

"Haiwaki."

"Baba Arafa, washa!"

"Haiwaki, mke wangu."

Hemedi alimbeba mtoto mgongoni, akaanza kukimbia juani. Biubwa alimfuata bila viatu. Alisoma Yasini, akasahau aya, akaanza upya. Jua lilikuwa limeanza kushuka lilipotokea lori la nazi, likawachukua.

Arafa hakufa. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa kichwani. Aliongezewa damu, akalala wodini kwa muda mrefu. Aliporudi nyumbani, mkono wake wa kushoto ulining'inia. Kikombe kilimponyoka, na kitana pia.

Hemedi alimwuliza daktari, "Tungefika mapema, mkono ungepona?"

Daktari alifunga faili la Arafa. "Kufika mapema ni bora daima," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Maneno hayo yaliingia moyoni mwa Hemedi, hayakutoka. Aliifunika bajaji kwa turubai. Alisema betri ni mbovu, ameuziwa takataka. Biubwa hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimwekea chakula, akaondoka. Hemedi aliposujudu, alitafuta dua asiipate. Aliweka paji la uso chini akanyamaza. Huenda hiyo nayo ni dua. Mungu anajua.

Jirani yao Apolonia ni muuguzi wa zahanati. Alitoka bara zamani. Jioni nyingi alikuja kumnyoosha Arafa vidole. Naye anaendesha pikipiki ya umeme.

"Hodi!"

"Karibu, dada."

"Shikamoo," alisema Arafa.

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono. Usinipe huo mzima, mjanja wewe. Lete ule mvivu."

Arafa alicheka kidogo. Biubwa aligeuza uso.

Apolonia aliliona turubai. "Hemedi, bajaji inaumwa?"

"Imekufa. Betri mbovu. Inaniishia njiani."

"Ukienda Kilindoni, unaweka namba ngapi?"

"Tatu."

"Na chaji ikipungua?"

"Natia kasi zaidi, niwahi kabla haijaisha. Ungefanyaje wewe?"

Apolonia hakucheka. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Hemedi, maji yakipwa, nani anayaondoa?"

"Mungu. Yana saa zake."

"Ukienda pole, yanakungoja?"

"Hayamngoji mtu."

"Sasa chaji siyo maji ya bahari. Haina saa zake. Chaji unaiondoa wewe, kwa mkono wako. Ukisimama, nayo karibu inasimama. Ukikimbia, nayo inakimbia."

"Lakini nikikimbia nafika haraka."

"Biubwa," Apolonia aliita, "ukienda kisimani polepole, na ukienda mbio kwenye mchanga, njia si ile ile?"

"Ni ile ile."

"Lini unafika umechoka?"

"Nikienda mbio. Naweza hata nisifike." Biubwa aligeuka. Alimtazama mumewe.

Apolonia aliendelea kwa sauti ya chini. "Upepo unakuzuia zaidi ukienda kasi. Mchanga nao unakuvuta. Mota inakula chaji zaidi kwa njia ile ile. Namba moja ni ya safari ndefu. Namba mbili ni ya mzigo, mchanga mzito au kilima. Ukishavuka, rudi moja. Namba tatu ni ya kitambo kidogo tu, ukitaka kujiondoa kwenye hatari. Na chaji ikipungua, unashuka namba. Hupandi."

Hemedi alishika kichwa. "Basi siku ile betri haikuwa mbovu."

Alitazama mkono wake wa kulia.

"Ni mimi," alisema. "Ni mkono wangu huu."

"Hukujua," alisema Apolonia. "Mimi pia chaji iliniishia, nikasukuma pikipiki yangu mpaka mafundisho ya jioni kanisani yakaisha bila mimi. Sasa unajua. Jaribu leo, wakati hakuna mgonjwa. Na siku zote, kabla ya kulala, hakikisha betri imejaa. Homa ya selimundu haisubiri kesho."

Walifunua bajaji, wakaijaza chaji. Hemedi aliendesha peke yake hadi Kilindoni kwa namba moja, akarudi. Vijiti vilibaki vingi. Alivitazama, akalia ndani ya bajaji. Chaji ile ile. Njia ile ile.

Biubwa alikataa kupanda. "Sikipandi tena kitu hicho," alisema.

Lakini kabla ya mwezi mtukufu, Arafa alilala mchana, akaamka na homa. Kifua kilimuuma. Hapakuwa na gari jirani. Hemedi alikuwa amerudi kutoka kupeleka abiria, na chaji ilikuwa theluthi moja tu, kama siku ile. Biubwa alisimama mbele ya bajaji, mtoto kifuani. Kisha akapanda.

Hemedi aliweka namba moja.

Ni vigumu kwenda polepole na mtoto wako anaugua. Kila kokoto lilikuwa na muda wake. Mkulima mmoja wa baiskeli aliwapita.

"Ongeza!" Biubwa alisema.

"Hapana."

"Anapumua kwa shida! Ongeza, Hemedi!" Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Arafa azaliwe.

"Nikiongeza hatufiki."

"Mwanangu akifa humu ndani, sitakusamehe. Wallahi sitakusamehe."

Mkono wa Hemedi ulitaka kuzunguka. Aliubana. Alisema, "Ya Rabbi, nizuie mkono." Hiyo ndiyo dua aliyokuwa ameikosa.

Kwenye mchanga mzito aliweka namba mbili. Alipovuka, alirudi moja. Wakafika kwenye minazi, mahali pale. Biubwa alifumba macho. Bajaji ilipita. Alipofumbua, minazi ilikuwa nyuma yao, na vijiti viwili vilikuwa bado vinawaka.

Walifika hospitali. Arafa alipewa oksijeni na dawa mapema. Muuguzi wa zamu alisema, "Vizuri mmemleta sasa hivi."

Siku ya kurudi nyumbani ilikuwa Ijumaa. Arafa alikaa katikati, amekonda, amefunikwa kanga ya mama yake. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, bado mvivu. Huenda utabaki hivyo maisha yake yote. Hemedi anajua hivyo kila anaposhika usukani.

Alikuwa kwenye namba moja. Walipopita kijiweni, Ussi alisimama juu ya pikipiki yake.

"Hemedi! Leo tena umebeba bi harusi?"

Hemedi alitazama mbele. Biubwa ndiye aliyetoa kichwa nje.

"Ndiyo, Ussi," alisema. "Tumembeba. Na tumemrudisha."

Ussi alimwona Arafa ndani ya kanga. Alivua kofia yake, akasogeza pikipiki pembeni, akawapisha.