Saa Mbili za Chumba cha Ndani

Mungu anisamehe nikitia chumvi, lakini haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mitambo ya redio. Alikuwa akirekebisha nyumbani saa mbili za usahihi mkubwa, zile ambazo hata joto la mtu aliyekaa karibu huzipotosha. Zisipotulia zikaenda pamoja kufikia kesho yake, kazi ingepewa fundi mwingine. Basi akazifungia chumba cha ndani, ufunguo akautia mfukoni, akakaa sebuleni na mkewe kusikiliza milio yake kwenye spika iliyounganishwa nazo kwa waya.

Jioni milio miwili ikalingana, ikasikika kama mmoja.

“Alhamdulillahi, wake wenzangu wamepatana,” mkewe akamtania.

Mara umeme ukakatika. Saa na spika zilikuwa na betri, zikaendelea gizani. Tik. Tik. Kisha tik-tik. Moja ilikuwa inabaki nyuma.

“Mama watoto, umemwingiza nani mle?”

“Nimwingize vipi, na ufunguo unao wewe?”

Akafungua, akaingia akipapasa. Dirisha lilikuwa bado limekomewa kwa ndani. Mkono ukaangukia kiti chake cha kazi, mbele ya saa. Mto wa kiti ulikuwa na joto, na chini ya kiganja chake ulikuwa unafura taratibu, ukiinuka kutoka pale ulipobonyea.