Safu Zisizo za Mkono Wake

Mama Shanga aliujua mkono wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Alishona kwa kulegeza kidogo, ili kidani kilale vizuri shingoni. Basi asubuhi ile alipokishika kidani alichokuwa akimshonea mdogo wake kwa ajili ya harusi, alihisi mara moja kwamba safu za mwisho zimekazwa mno. Hakuzishona yeye.

Shanga zenyewe zilikuwa kuukuu, za rangi nyekundu iliyoiva. Alizinunua kwa mchuuzi wa mitumba zikiwa bado ni kidani cha mtu. Akaukata uzi, akazimwaga kwenye kisahani, akaanza upya: okota ushanga mmoja, ruka mmoja wa safu ya chini, pitisha sindano kwenye unaofuata. Shanga zikakaa kama matofali ukutani.

"Shangazi, umenisaidia kushona?"

Shangazi, aliyewalea wote wawili, alikuwa barazani akichambua mchele. "Kwa macho yapi, mwanangu? Sindano moja naiona mbili. Ningejishona kidole."

"Sasa nani?"

"Wewe mwenyewe, ulishona huku unasinzia. Harusi inawachosha hata wasioolewa."

Akacheka, akaamini, kwa sababu alitaka kuamini.

Mchana, nyumba ilipotulia, akasikia kutoka chumba cha kazi mlio mdogo, kama punje inayogonga kisahani. Kimya. Kisha tena. Alipousukuma mlango, harufu ya nywele zilizoungua ilimjia puani. Hapakuwa na mtu, ila sindano ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa meza ikizunguka polepole kwenye uzi wake, na kidani kilikuwa kimerefuka kuliko alivyokiacha, kimebakiza kidogo tu kitimie.

Alirudi barazani. "Shangazi, kuna mtu anashona mle ndani. Na si mtu."

Shangazi aliweka ungo chini. "Mdogo wako yuko wapi?" akanong'ona.

Mdogo mtu alikuwa amerudi kutoka kwa fundi cherehani na gauni lake, akaingia kwa mlango wa nyuma. Walimkuta mbele ya kioo cha chumba cha kazi, kidani kiko shingoni, na ncha zake mbili, ambazo hazikuwa na kifungo bado, zimeshikana zenyewe pasipoonekana kiungo. Alikuwa akitabasamu. Kisha tabasamu likamganda, mikono ikapanda kooni, na shanga zikaanza kujikaza safu baada ya safu, zikitoa mlio kama wa meno yanayosagana, huku midomo ikimbadilika rangi na macho yakimtafuta dada yake kwenye kioo, kama aliyesimama ng'ambo ya mto asiyeweza kuita.

Shangazi alishika mkasi. Ndipo sauti nzito ikatoka katika kinywa cha yule binti, taratibu, bila hasira.

"Mmeshakata mara moja. Kateni tena, na mimi nitakata."

Mkasi ukawekwa chini. Shangazi alitoka mbio bila viatu, akarudi na mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Mganga alinusa hewa, akatia ubani kwenye chetezo.

"Aliyekuwa akizivaa shanga hizi alikuwa kiti cha pepo, mwili anaoukalia," alisema. "Ulipoukata uzi, ulimtoa kwake. Ulipozishona, ukamjengea nyumba nyingine. Fumua. Ushanga mmoja mmoja, na usikate kitu."

Mama Shanga akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, akatia ncha ya sindano chini ya uzi, akaanza kurudi nyuma. Alitoa ushanga mmoja, akasikia upande wa pili ukishonwa mwingine. Akatoa wa pili na wa tatu kabla yule pepo hajaokota, jasho likimwingia machoni, pumzi baridi ikimpuliza vidoleni, mganga akisoma, na mdogo wake akipata hewa kidogo kila safu ilipofumuka, mpaka uzi wote ukamlegea mkononi na harufu ya nywele ikaondoka kama mtu aliyefunga mlango.

Mganga alizifunga shanga kwenye kitambaa, akaenda kuzitupa kwenye maji yaendayo. Wale ndugu wawili walikaa sakafuni wameshikana.

Harusi ilikuja. Bibi harusi aliingia ukumbini shingo tupu, na kwa uzuri wake hakuna aliyeona upungufu. Mama mkwe wake alimkumbatia, akambusu shavuni, kisha akarudi nyuma nusu hatua.

"Umependeza, mwanangu. Lakini mbona shanga zako baridi hivi?"

Mama Shanga, aliyekuwa ubavuni pa mdogo wake, alivua mtandio wake haraka, akamfunika shingo kana kwamba anamrekebisha vazi. Mdogo mtu aliukamata mkono wake, akaubana.

"Dada," alinong'ona, akitabasamu ili wageni wasitambue, "anashona tena."