Alinidanganya Meno Manane

"Meno mangapi?"

"Sheri wangu, si nimeshakwambia..."

"Libère. Gia ya mbele ina meno mangapi?"

Libère alitazama chuma cha mviringo kilichokuwa mkononi mwake. Kilikuwa kipya, cheusi, kinang'aa, na kilikuwa na meno thelathini na nane.

"Thelathini," akasema.

Na hivyo, siku ya Alhamisi saa nne na nusu asubuhi, katika duka la vipuri vya baiskeli mjini Mbarara, mbele ya mashahidi wawili na boksi la viraka, mwanamume aliyebatizwa na kupata kipaimara alimdanganya mchumba wake. Wapo wanaosaliti kwa wanawake. Wapo wanaosaliti kwa pombe. Libère alisaliti kwa meno manane.

"Thelathini kamili?" Ancilla aliuliza tena kwenye simu.

"Kamili."

"Na nyuma kubwa ni arobaini na sita?"

"Hiyo ni kweli kabisa," Libère akasema, kisha akatamani asingetamka neno "hiyo".

Mashahidi walikuwa Zainah, muuzaji wa dukani, na kaka yake Nasif, fundi. Simu ilipokatwa, Nasif alicheka mpaka spana ikamponyoka.

"Umefanya vizuri, sebo, bwana wangu. Thelathini ni gia ya wazee wanaokwenda kuchukua dawa ya presha. Mwanamume anapanda mlima wa Ruti kwa thelathini na nane!"

"Wewe Nasif, mwache kastoma," Zainah alisema. "Na wewe Libère, simama hapa karibu nami tupige selfi ya status. Inua hiyo gia. Tabasamu. Banange, tabasamu kama mtu mwenye furaha!"

Libère alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Sababu ya woga wake ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo kampuni moja ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli ingechagua waongozaji watatu kati ya watu kumi na mmoja. Jaribio lilikuwa moja tu: kupanda mlima wa nyuma ya Ruti na mzigo wa kilo ishirini mgongoni, bila kuweka mguu chini. Ukigusa ardhi, umekwenda nyumbani; watatu wa kwanza kufika juu wanapata kazi. Na Libère akienda nyumbani, alikuwa amekwenda bila Ancilla, kwa sababu baba wa Ancilla, mzee Venuste, alikuwa ametamka hivi mbele ya ukoo mzima:

"Akipata kazi, Jumapili alete watu wake na pombe. Akikosa, Jumapili hiyohiyo nampa jibu la posa yake Baudouin muuza magodoro. Binti yangu hatangoja mtu anayebeba mahindi ya watu kule Juru mpaka ang'oke meno."

Ancilla alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya Rubondo. Hakulia. Alichukua futi kamba, akampeleka Libère kwenye ule mlima, akaupima hatua kwa hatua, kisha akamweleza kama anavyowaeleza watoto wa darasa la nne:

"Gia ya mbele ikiwa ndogo, mguu unapata nafuu. Ya nyuma ikiwa kubwa, mguu unapata nafuu zaidi. Thelathini mbele, arobaini na sita nyuma: pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita moja na nusu. Goti lako la kulia linaweza hiyo. Zaidi ya hiyo haliwezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Alikuwa ameelewa. Hilo ndilo linaloumiza.

* * *

Saa saba mchana, shuleni Rubondo, mdogo wake Ancilla aliingia mbio akiwa ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba kaa la moto.

"Yaya! Dada yangu, kaa chini kwanza. Usisimame. Kaa!"

"Doriane, nina madaftari arobaini ya kusahihisha."

"Libère yuko kwenye status ya mwanamke! Tazama! Tazama mwanamke alivyosimama karibu naye! Tazama hijabu ilivyomkaa vizuri! Mungu wangu, tumekwisha!"

Ancilla alichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza tena.

"Ni mzuri, eh?" Doriane alisema kwa uchungu.

"Nyamaza, nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa." Ancilla alishusha simu taratibu. "Nusu ya gia inayoonekana ina meno kumi na tisa. Mara mbili ni ngapi, Doriane?"

"Yaya, mimi nakuletea mwanamke, wewe unaniletea hesabu?"

"Mara mbili ni thelathini na nane. Ameniambia thelathini."

Akapiga simu palepale.

"Libère, rudia kuniambia. Mbele ni ngapi?"

"Thelathini, sheri. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Ancilla akasema kwa upole wa kutisha, akakata.

Dakika moja baadaye ujumbe uliingia kwenye simu ya Libère:

*Nimeona picha. Nimehesabu. Mara mbili nimekuuliza, mara mbili umenidanganya. Kama unaweza kunidanganya kwenye chuma ambacho mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukihesabu, kwenye vitu visivyohesabika itakuwaje?*

Libère alipiga simu mara sita. Mara zote sita sauti ya mashine ilimwambia kuwa mteja hapatikani, na kila mara ilionekana kwake kama nayo imeshahadithiwa.

* * *

Ijumaa asubuhi alikwenda kuujaribu mlima peke yake, na kilo ishirini za maharage mgongoni.

Sehemu ya chini ilikwenda vizuri. Thelathini na nane ilimpa kasi, upepo ukampiga usoni, akajiona shujaa. Ushujaa ulidumu mita mia mbili. Mlima ulipoinuka usoni kwake, pedali ziligeuka kuwa mawe. Kila mzunguko ulidai karibu mita mbili, na goti halikuwa nazo. Lilianza kwa kunong'ona, likaja kupiga kelele, na kabla ya kona ya mwisho mguu wa kushoto ulishuka chini wenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Alisimama pale akihema, akautazama ule mguu kwenye vumbi. Kesho, muda kama huu, mguu ungekuwa palepale na Baudouin angekuwa ananyoosha suti.

Alishuka hadi dukani. Limefungwa, wamekwenda sala ya Ijumaa. Akakaa barazani akilikanda goti. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi. Saa nane. Kila baiskeli iliyopita aliihesabu meno.

Saa nane na robo Zainah alifungua.

"Dada Zainah, nibadilishie, nipe ile thelathini. Tafadhali."

"Imeisha. Ilikuwa moja tu."

"Nani ameinunua?"

Zainah alitazama kona ya duka. Pale iliegemea baiskeli ya Nasif, imesafishwa tayari kwa jaribio la kesho. Libère alichutama, akahesabu. Akahesabu tena, maana hasira huvuruga namba.

Thelathini.

"Nasif!" aliita. "Si ulisema hii ni gia ya wazee?"

"Ndiyo," Nasif alijibu kutoka nyuma ya pazia, hana hata haya. "Siku hizi najisikia mzee sana, sebo."

"Nasif, huna aibu!" Zainah alifoka. "Kastoma wa watu! Na mimi nikampiga picha!" Akavuta sanduku la vyuma vikuukuu kutoka chini ya meza, akaanza kuchakura kwa nguvu. "Subiri. Subiri... Hii hapa. Hii krenki, mikono ya pedali, nimeitoa kwenye baiskeli iliyokufa. Ina gia tatu za mbele. Hii ndogo kabisa ina meno ishirini na mawili. Zile mbili nyingine tunazitoa."

"Ishirini na mawili? Si ni ndogo mno?"

"Sijui, mwana wa watu. Mimi nauza, sipigi hesabu. Huna mtu wa kumuuliza?"

Alikuwa naye. Ndiyo ilikuwa shida.

Libère aliandika: *Ni 38. Ilikuwa 38 tangu mwanzo. Leo mlima umenishinda. Naomba dakika mbili za mwalimu, si za mchumba.*

Simu ikaita.

"Sema," Ancilla alisema.

"Ancilla..."

"Mwalimu Ancilla. Ndivyo ulivyoomba."

"Mwalimu Ancilla. Nilidanganya. Nasif alinicheka, nikaona aibu kuchukua thelathini."

"Kwani unamuoa Nasif?"

"Hapana."

"Nauliza tu, nijue. Thelathini bado ipo?"

"Nasif ameifunga kwenye baiskeli yake."

"Nasif huyohuyo aliyekucheka?"

"Huyohuyo."

Kwenye simu ilisikika sauti fupi, kama mtu aliyekaribia kucheka akakumbuka kuwa amekasirika.

"Zainah amepata ya ishirini na mawili," Libère aliendelea haraka.

"Nisomee gia zote za nyuma. Kwa mpangilio. Na usiniongezee hata jino moja."

"Kumi na moja, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nane, ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na nne, arobaini, arobaini na sita."

Chaki ililia ubaoni, mbali kule Rubondo. Libère alishika pumzi. Zainah naye akaishika. Hata pazia lilisogea, sikio la Nasif likatokeza.

"Sikiliza vizuri," Ancilla alisema. "Ishirini na mbili mbele na thelathini na nne nyuma ni karibu sawa na thelathini kwa arobaini na sita. Mita moja na nusu ileile. Mlima ukianza kuinuka, weka thelathini na nne, kaa hapo mpaka juu. Usiguse arobaini na sita."

"Lakini si ndiyo nyepesi zaidi? Goti..."

"Ni nyepesi mno. Utazungusha miguu kama unatwanga hewa, baiskeli itakosa mwendo, itayumba, utaweka mguu chini. Goti litakudanganya kwamba unaihitaji. Unajua kudanganywa kunavyokuwa?"

"Najua kudanganya," Libère alisema kwa sauti ndogo. "Umenisamehe?"

"Nimekupa hesabu. Msamaha ni somo jingine."

Akakata.

* * *

Jumamosi, jaribio lilianza saa tatu asubuhi. Saa nne, uani kwa mzee Venuste, hakuna simu. Saa tano, hakuna simu. Ancilla alichambua maharage yaleyale mara tatu. Doriane alianza rozari, akafika fumbo la pili, akasimama kwanza kuangalia Facebook, akarudi kwa Mama Maria bila kuomba radhi.

"Bado?" Venuste aliuliza kutoka kwenye kiti chake, akijikanda mguu wake mbovu.

"Bado, Papa."

"Huenda ameanguka," Doriane alisema.

"Doriane!"

"Nasema huenda tu!"

Saa tano na dakika ishirini simu iliita. Si ya Ancilla. Ya Venuste. Mzee aliiweka sauti ya juu, maana sikio lake la kushoto lilistaafu zamani.

"Amahoro, Papa Ancilla. Ni Libère."

"Umefaulu?"

"Kabla ya hilo kuna neno. Nilimdanganya Ancilla."

Ungo ukatulia mikononi mwa Ancilla.

"Mwanamke?" Venuste aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Pombe?"

"Gia ya mbele. Nilisema thelathini, ilikuwa thelathini na nane."

Kuku alipita uani polepole.

"Ulitaka kupanda mlima ule kwa thelathini na nane? Na goti lile?"

"Ndiyo, mzee."

"Mjinga," Venuste alisema, kwa utulivu wa mtu anayesoma Injili. Kisha akaunyoosha mguu wake mbovu. "Mimi nilibeba ndizi kwa velo, yaani baiskeli, kule Burundi miaka kumi na minne. Siku moja mama Ancilla aliniuliza kama breki ni nzima. Nikasema ni nzima, kwa kuwa wenzangu walikuwa wanasikiliza. Huu mguu umetoka hapo."

"Papa!" Doriane aliruka. "Si ulituambia ulianguka kwenye parachichi?"

"Nimesema mambo mengi. Libère, jibu. Umefaulu?"

"Wa tatu, mzee. Nafasi zilikuwa tatu. Kwenye kona ya mwisho kidole kilikwenda kwenye arobaini na sita. Nikakirudisha."

"Na yule aliyekucheka?"

"Wa kwanza."

Haki, kama inavyofahamika, huchelewa sana kufika Mbarara.

Venuste alimnyooshea Ancilla simu. "Suala la Baudouin nitalijibu vyovyote utakavyosema. Hili ni lako."

Ancilla alizima sauti ya juu, akawapa wote mgongo. Walichosikia ni hiki tu:

"Mm."

"Hapana."

"Mara zote mbili. Usijifanye ilikuwa moja."

Doriane alikuwa anatafuna shanga za rozari.

"Kesho saa nane," Ancilla alisema mwishowe. "Usichelewe."

* * *

Jumapili watu wa Libère walifika na mitungi miwili ya pombe ya ndizi. Libère alikaa kati ya wajomba zake, mkononi leso, kwenye goti bandeji. Wasemaji wa pande zote mbili walisifiana, wakataniana, wakazunguka maneno saa nzima, mpaka binti akaitwa.

"Ancilla, unamjua mtu huyu?"

"Namjua."

"Tuambie basi, ni mtu wa namna gani?"

Hapo binti hutakiwa kusema mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Ancilla alifikiri kidogo.

"Ni mwongo."

Mjomba mmoja wa Libère alikohoa. Mwingine alianza kutafuta kofia yake.

"Akiwa mbele za watu, anadanganya ili wasimcheke," Ancilla alisema. "Lakini mlima ukimshinda, ananipigia simu mimi na kusema ukweli, hata kama unamtia aibu. Nimempa sharti: safari ijayo aanze na simu, ndipo apande mlima. Amekubali. Mimi ninamtaka."

Watu wote walimgeukia Venuste. Kwa desturi ya Warundi, baba wa binti asipokunywa pombe ya wakwe, hakuna posa. Msemaji alisafisha koo ili amwombe rasmi, kwa heshima, kwa methali zisizopungua tano.

Hakupata nafasi. Mzee Venuste alikuwa ameshainamia mtungi, mrija mdomoni, macho ameyafumba, na pombe ilikuwa inashuka.

"Endeleeni tu kusema," aliwaambia, akavuta tena.